Gulio la Alhamisi Nyamukubi

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda bila kupumzika. Mto Sebeya ulitoka njia yake wilayani Rubavu, na huko Rutsiro, Karongi, Nyabihu na Ngororero vilima vilishuka juu ya nyumba. Waliokufa walipita 130. Wengi walikutwa wamelala. Nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka.

Kesho yake, Alhamisi ya tarehe 4, ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu, katika eneo la Kalehe, jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo, ilikuwa siku ya gulio katika kijiji cha Nyamukubi. Watu walikuja kuuza na kununua kama wanavyokuja Alhamisi zote. Mvua kubwa ikanyesha milimani, mito inayoteremkia ziwani ikavunja kingo, na maji yakaja na mawe, matope na magogo. Nyamukubi na kijiji jirani cha Bushushu vikasombwa. Waliozikwa walizidi 400, wengi katika makaburi ya pamoja, na miili iliendelea kuopolewa ziwani siku nyingi baadaye. Wengine hawakuonekana kabisa.

Nawaandikia haya ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa sababu milima ile si migeni kwetu. Migomba ni ileile, nyumba zetu zimekaa vivyo hivyo kati ya mteremko na bonde, na udongo ukilowa huteleza vilevile. Watu wa Nyamukubi wana ziwa mbele yao, sisi tuna mto Kagera. Wanasema Kiswahili kama sisi, na gulio kwao ni siku kubwa kama lilivyo kwetu. Ningekuwa Nyamukubi na mzigo wangu wa maharage, nami ningeupeleka gulioni Alhamisi ile.

Nirudi kwenye dalili, maana zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa kifo cha jirani. Siku moja tu kabla, ng'ambo ya ziwa lilelile, watu zaidi ya 130 walikuwa wamekufa kwa mvua, na habari zilikwisha kuenea redioni na kwenye simu. Mawingu hayajui mpaka wa Rwanda na Kongo. Mvua iliyoua upande mmoja wa ziwa inaweza kuua upande wa pili, lakini sisi binadamu tukisikia jirani amefiwa huwa tunashukuru Mungu kwamba si sisi, kisha tunaendelea na safari.

Ya pili ni ardhi iliyoshiba. Idara ya hali ya hewa ya Rwanda ilikuwa imetabiri mvua za juu ya wastani kwa siku 10 za mwanzo wa mwezi ule, na Mei tayari ni mwisho wa masika. Udongo unapokuwa umekunywa tangu Machi, mvua ya saa tatu mwezi Mei si sawa na mvua ya saa tatu mwezi Machi. Ile ya Machi hunyonywa. Ya Mei haina pa kwenda, kwa hiyo inakimbia juu ya ardhi, au inakaa ndani ya mlima na kuufanya mzito mpaka unaachia. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaipima mvua kwa jinsi inavyopiga leo, wakati hatari yake imejengwa na wiki nane zilizopita.

Ya tatu ni ya zamani kidogo. Oktoba 2014 mafuriko yaliwahi kupiga Kivu Kusini, yakabomoa nyumba zaidi ya 700, na watu zaidi ya 130 waliripotiwa kutoweka. Ilikuwa miaka minane na nusu tu kabla ya Nyamukubi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa darasani siku ya gulio. Mto ukishawahi kupita mahali, usidhani umepasahau kwa sababu sasa kuna duka.

Tena nyumba za Nyamukubi zilikuwa kwenye mdomo wa mito, pale penye tambarare nzuri na udongo mwororo. Tambarare hiyo imetengenezwa na nini? Ni mafuriko ya kale yaliyoleta udongo huo na kuutandaza. Uzuri wa kiwanja ndio ushahidi wenyewe. Nimewahi kusikia watu wakisifu shamba la bondeni kwa kusema mihogo yake haihitaji mbolea, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbolea ile ilifikaje pale.

Wapo watakaosema kwamba yale ni mambo ya Kongo. Basi tuje nyumbani.

Mto Nyabarongo hukusanya maji ya milima ya Rwanda, yakiwemo ya Ngororero niliyoitaja, na kuungana na Akanyaru, na maji yao ndiyo yanayouzaa Kagera. Ruvubu wa Burundi huingia karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo mto unaelekea kaskazini ukipita katikati ya vinamasi na maziwa madogo, Rwanda upande mmoja na Karagwe na Kyerwa upande mwingine, kisha unapinda mashariki na kupita Murongo, inayotazamana na Kikagati ya Uganda, mpaka Kyaka na hatimaye Ziwa Viktoria. Vinamasi vile hunywa maji mengi na kuyaachilia polepole. Ndiyo sababu maji yaliyonyesha Rwanda hayafiki kwetu siku ileile. Yanaweza kufika mvua imekwisha, kahawa imeanikwa, na anga la Kyerwa ni jeupe.

Hii ndiyo dalili yetu sisi, na ndiyo rahisi kuipuuza kuliko zote. Mtu wa bondeni akiona jua anasema hatari imepita. Anarudisha magodoro ndani. Kumbe mto unapanda kiganja kimoja kwa siku, bila kelele, chini ya jua kali. Anayeishi karibu na Kagera asitazame mawingu ya Murongo peke yake, asikilize pia kilichonyesha Kigali na Gitega. Redio za Rwanda zinashika vizuri huku kwetu, na wengi wetu tunakielewa Kinyarwanda kuliko tunavyokiri.

Kwenye vilima hali ni kinyume, mambo huenda haraka. Kijito kinachokatiza njia kati ya vilima viwili hupanda kwa dakika. Na huko kuna ishara moja ambayo akili huikataa: mto kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Mtu hufurahi. Lakini maji yaliyokuwa yakija hayakuisha, yamezuiwa mahali. Magogo, mawe au udongo ulioporomoka umefanya bwawa huko juu, na bwawa la namna hiyo halina fundi. Kenya walilipata hilo karibu na Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani iliziba, maji yakajikusanya nyuma yake, tuta likaachia, na makumi ya watu wakafa wengi wakiwa usingizini. Siku chache baadaye serikali ya Kenya iliwaamuru wakazi wa jirani na mabwawa 178 wahame ndani ya saa 24. Kwa hiyo ukiona kijito kimekuwa kidogo bila sababu, au maji yamegeuka tope zito la rangi usiyoijua, au ardhi ya juu ya nyumba imepasuka ufa mpya, au chemchemi imetokea mahali ambapo haikuwepo, usingoje kuelewa. Toka, panda pembeni, uelewe ukiwa huko.

Sisi wa Kagera tuna kovu letu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliua watu 17 na kuangusha nyumba nyingi mkoani. Tetemeko halikupiga hodi. Tangu siku hiyo nimeona watu wakizungumzia kila balaa kama kwamba yote huja namna ile: Mungu amepanga, utafanya nini? Lakini mvua hupiga hodi. Hupiga kwa wiki nyingi, na hata usiku wa mwisho hupiga kwa saa kadhaa. Tusifananishe mvua na tetemeko.

Na serikali nayo hupiga hodi kwa niaba ya mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ngazi zake: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake, kuanzia njano hadi nyekundu. Tatizo ni kwamba tumeyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka yamekuwa kama salamu. Chukua vimbunga vya Pwani. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kutoka mabondeni na ufukweni kwa ajili ya kimbunga Kenneth, na Kenneth akaingia Msumbiji akaacha maafa makubwa Cabo Delgado, Mtwara ikapona. Aprili 2021 akaja Jobo, nchi nzima ikashika roho, naye akafia baharini kabla ya kufika. Wapo waliocheka. Kisha Hidaya: taarifa zilitolewa siku kadhaa mapema, na tarehe 4 Mei 2024, mwaka mmoja kamili baada ya Nyamukubi, kimbunga kikaingia Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, na barabara ya kusini ikakatwa na maji wilayani Kilwa. Aliyehesabu Kenneth na Jobo kama uongo alijifundisha somo baya. Kuhama mara mbili bila kupata madhara ni bei ndogo ya kuwa umehama mara ya tatu.

Vimbunga haviji Karagwe, najua. Kinachokuja kwetu ni mvua ya mawe na upepo unaolaza migomba shamba zima kwa dakika chache. Lakini tabia ya kucheka onyo tunayo sote.

Tuna pia tabia ya kurudi. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ya milimita 156.4 ndani ya siku moja, kiasi ambacho Mamlaka ilisema hakijaonekana tangu 1954. Bonde la Msimbazi likajaa. Watu wa Jangwani, bondeni humo, walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa, na zaidi ya 40 walikufa jijini. Bonde lile lilikuwa limetajwa kuwa eneo la hatari tangu mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Wapo waliokwenda, na wapo waliorudi Jangwani, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini na nauli ya kutoka Mabwepande ilikula kipato. Sitawacheka. Mwaka 2014 maji yakarudi, 2018 yakarudi tena. Na ili usidhani ni maskini peke yao wanaosahau, wataalamu wenye michoro na mihuri walikwenda kujenga karakana ya mabasi ya Mwendokasi katika bonde hilohilo, na mabasi yakaoga maji ya Msimbazi mara kwa mara.

Sasa uamuzi wenyewe. Kutoka au kubaki?

Nimesikiliza sababu za kubaki, na nyingi si za kipumbavu. Ng'ombe ataachwa na nani? Wezi watakuja. Kaburi la baba liko migombani, na kwetu mtu haachi kibanja chenye makaburi ya wazee wake kwa sababu ya maji ya usiku mmoja. Mwenyekiti wa kijiji hajasema neno. Na ipo moja ambayo haitajwi lakini nadhani inaua kuliko zote: mwenye uamuzi hayupo. Baba yuko Omurushaka kwa biashara, simu haipatikani, mama yuko nyumbani na watoto wanne na mama mkwe mgonjwa, naye anaogopa kwamba akitoka na maji yasije, ataulizwa nani alimruhusu kuacha nyumba wazi. Basi anangoja. Baba, nakuomba, ruhusa hiyo itoe leo, mchana, jua likiwa linawaka, na uitoe mbele ya watoto: maji yakifika mahali fulani, mama yenu akisema tunatoka, mnatoka, na hakuna atakayeulizwa. Ukirudi ukakuta wamelala kwa mjomba kilimani na nyumba haina hata tone, washukuru.

Mahali hapo pachagueni pamoja. Mgomba wa tatu kutoka mtoni, jiwe la kufulia, nguzo ya daraja. Msichague kizingiti cha mlango, maana maji yakifika mlangoni njia ya kutokea imekwisha kuzama. Na msitumie alama ya mafuriko ya mwaka jana. Hilo ndilo kosa nililolisikia katika kila habari ya mafuriko, kutoka Jangwani hadi Kivu: yaliishia hapa siku zote. Mto haukuweka ahadi hiyo. Mwezi Mei 2024 Ziwa Viktoria lilipanda kupita kipimo cha juu cha mwaka 2020, ambacho nacho kilikuwa kimevuka kidogo kile cha 1964, cha baada ya mvua kubwa za wakati wa Uhuru. Wazee waliodhani wamekwisha kuona ya juu kabisa walikuwa hai kuona ya juu zaidi.

Usiku una shida yake. Mvua ikipiga bati huwezi kumsikia mtu wa chumba cha pili, sembuse mto. Kwa hiyo mkiwa kwenye masika mabaya, na ardhi imeshiba, na mbingu imefunga tangu saa kumi jioni, amueni kabla ya giza. Watoto na wazee wakalale juu, hata kama wakubwa watabaki kulinda. Nyumba chache zikubaliane mtu mmoja akeshe kwa zamu, awe na filimbi au debe la kupiga, kwa kuwa yowe la mdomo halivuki bati. Ng'ombe na mbuzi wafunguliwe mapema. Mnyama aliyefungwa kambani hufia kambani, aliyeachiwa hupanda mwenyewe. Vyeti, kadi za benki, hati ya kiwanja na dawa za mgonjwa viwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, karibu na mlango. Simu ichajiwe mchana. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, polisi 112, ila katika kijiji cha Kyerwa ndani atakayekufikia kwanza ni jirani, kwa hiyo namba ya jirani wa kilimani ni bora uwe nayo kichwani.

Wala usivuke. Vijana hasa, na waendesha bodaboda: maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Huoni kama daraja bado lipo chini ya lile tope. Mteja anakuharakisha, nauli ni shilingi elfu tatu, na upande wa pili mvua imepungua. Ngoja. Wachimbaji wa madini ya bati kule Kyerwa nao wasishuke shimoni asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, hata kama juu kumekauka, kwa sababu kuta za shimo zingali zimelowa.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ujao, simama uulize: kamati yetu ni akina nani, na watu wa bondeni wakitoka usiku waende wapi? Shule ipo juu ya kilima, kanisa na msikiti pia, lakini funguo anazo nani saa nane za usiku? Swali la funguo linaonekana dogo. Mama aliyesimama mvuani na watoto nje ya darasa lililofungwa, mara nyingine hatatoka nyumbani.

Na maji yakiondoka, msikimbilie kurudi. Choo cha shimo kilichojaa kimemwagikia kisima, kwa hiyo maji yote yachemshwe, hata ya kusukutua. Nyoka wamejificha walikopata pakavu, na mara nyingi ni ndani ya nyumba yako. Ukuta wa matofali mabichi, au wa miti na udongo, uliokaa ndani ya maji, huonekana mzima siku ya kwanza kwa sababu umelowa wote. Unapoanza kukauka ndipo unapopasuka na kuanguka, siku ya pili au ya tatu, jua likiwaka na watoto wakiwa ndani. Fundi aupige ukuta kwa mpini wa jembe kuanzia chini, asikilize, na kama unalia kama mtungi mtupu au udongo unamomonyoka mkononi, laleni kwa jirani wiki nzima mkiuangalia, na vyombo vibaki nje chini ya turubai.